Wiki ya Sita: Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa Kuhusu Moyo wa Mtoto

Kwa Mkurugenzi Mtendaji, Mganga Mkuu wa Wilaya na Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa,

Nawaandikia kuhusu siku moja ambayo tayari imo kwenye ratiba yenu, yaani siku ya chanjo ya wiki ya 6. Kila mahali wilayani penye zahanati au panapofikiwa na huduma ya mkoba, kuanzia Somanga hadi ghuba ya Kiswere, na hata Songosongo kwa watu wa visiwani, mama anafika asubuhi na mtoto ndani ya mbeleko na kadi ya kliniki mkononi. Mtoto anavuliwa nguo, ananing'inizwa kwenye mizani, anapewa matone ya polio na ya rota, anachomwa sindano ya penta na ile ya nimonia, kadi inaandikwa, na mama anaanza safari ya kurudi. Ombi langu ni kwamba kabla mama hajafunga mbeleko, nesi apate dakika tano zaidi: amtazame mtoto akinyonya, ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, amfunge kipimo cha oksijeni mguuni, na alinganishe uzito wa leo na ule wa siku ya kuzaliwa. Mtoto atakayeonekana ana dalili, aandikiwe njia inayofika mahali. Naamini dakika hizo tano zitaokoa watoto wa Kilwa kuliko mambo mengi makubwa yanayotajwa kwenye mipango, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na hesabu. Popote duniani ambako watoto wamechunguzwa kwa makini, kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 8 hivi au zaidi kidogo huzaliwa na kasoro ya moyo. Kiwango hicho hakitofautishi sana tajiri na maskini, wala Pwani na bara. Wilaya yenu ina watu wanaokaribia laki tatu kwa sensa ya 2022. Tukikadiria kwa tahadhari kwamba huzaliwa watoto 8,000 kwa mwaka, watoto zaidi ya 60 kati yao wana kasoro hiyo. Wengi watakuwa na tundu dogo linaloziba lenyewe bila dawa. Lakini takriban robo ya wenye kasoro, tuseme watoto 15 kila mwaka, watahitaji matibabu makubwa kabla hawajatimiza mwaka mmoja. Hii ni hesabu yangu kutokana na viwango vya jumla, na nafahamu kwamba rejesta zenu hazionyeshi idadi hiyo. Swali ninalowaomba mjiulize ni wapi wanapoandikwa watoto hao 15. Kasoro ya moyo haikosekani Kilwa. Kilichopo ni kwamba watoto hawa wanaingia kwenye rejesta za MTUHA kwa majina mengine.

Majina hayo tunayajua. Kwenye rejesta ya zahanati mtoto ataandikwa nimonia, kisha nimonia tena mwezi unaofuata, kisha utapiamlo. Barazani ataitwa kwa jina jingine. Mtoto akidhoofu huku kwetu, neno la haraka ni kwamba amebemendwa: wazazi walirudiana mapema mno, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa, na mtoto ndiye anayebeba adhabu. Akikohoa mfululizo anatafutwa mkata kimeo. Siandiki haya kuwadharau wazee. Katazo la kubemenda lilikuwa na kazi yake, lilimpa mama nafasi ya kupumzika na mtoto nafasi ya kunyonya kabla ya mimba nyingine kuingia. Lakini mtoto mwenye tundu moyoni anapoitwa aliyebemendwa, mambo mawili yanaharibika kwa pamoja: ugonjwa wake haupati tiba, na mama yake anahukumiwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Kimeo nacho kikikatwa kwa kisu kisicho safi, vijidudu vinaingia kwenye damu, na moyo wenye kasoro ndio mahali vijidudu hivyo vinapopenda kujishikiza. Mtoto aliyepelekwa apone kikohozi anarudi na maambukizi ya moyo wenyewe.

Kwa nini basi nasisitiza wiki ya 6, na si siku ya kuzaliwa ambapo mkunga tayari anamshika mtoto? Jibu limo katika namna moyo wa mtoto unavyobadilika. Tumboni mapafu hayafanyi kazi. Mishipa yake imebana, na damu nyingi inayapita kando kupitia mshipa mdogo wa njia ya mkato ambao huziba siku chache baada ya kuzaliwa. Mtoto akishaanza kupumua, mishipa ya mapafu inalegea, lakini hailegei yote siku hiyo hiyo; inachukua wiki kadhaa. Sasa mchukue mtoto mwenye tundu kubwa kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya chini vya moyo, kasoro inayoongoza kwa wingi. Siku ya kwanza shinikizo la kulia na la kushoto linakaribiana, damu haina sababu ya kupita kwenye tundu, na hata daktari mwenye sikio zuri anaweza asisikie mvumo wowote. Mtoto analia vizuri, ananyonya vizuri, anaruhusiwa. Wiki zinavyopita na mapafu yakilegea, damu inaanza kuvuja kupitia tundu na kufurika upande wa mapafu. Kati ya wiki ya 4 na ya 8 ndipo mambo yanapoanza kuonekana. Wavuvi wa Kiswere wanalielewa jambo hili kuliko wengi: dau likiwa na tundu chini ya mkuku, halizami papo hapo. Mtu mmoja anafua maji tangu alfajiri hadi jioni, chombo kinaelea, lakini nguvu zote zimeishia kwenye kufua maji na hakuna aliyebaki wa kuvuta makasia. Moyo wa mtoto huyu unafanya kazi hiyo usiku na mchana, na makasia yasiyovutwa ni kukua kwake.

Angalieni basi jinsi ratiba ya chanjo ilivyoangukia. Waliopanga chanjo ya kwanza ya penta iwe wiki ya 6 walikuwa wanawaza dondakoo na kifaduro, lakini wiki hiyo ndiyo ambayo moyo wenye tundu unaanza kujisema. Mama anarudi tena wiki ya 10, na tena wiki ya 14. Halmashauri haihitaji kubuni kliniki mpya, kuwatafuta watoto nyumba kwa nyumba, wala kuwashawishi wazazi watoke. Wazazi wameshatoka. Wamelipa nauli ya bodaboda au wametembea kwa miguu, mtoto ameshavuliwa nguo, na mtumishi wa afya yupo mbele yake. Kuwa na miadi mitatu ya namna hiyo katika wiki zilezile ambamo ugonjwa unaonekana, kisha mtoto akarudi nyumbani bila kutazamwa, ni hasara isiyo na sababu.

Kutazama huko kukoje? Naomba nikae hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo uuguzi wa watoto unapotofautiana na kuchoma sindano. Nesi akimuuliza mama, "Ananyonya?", mama atajibu, "Ananyonya," na wote wawili watakuwa wamesema kweli na hawajasema kitu. Swali lenye faida ni namna anavyonyonya. Mtoto mwenye afya anashika titi, anavuta kwa mfululizo, anashiba na kulala. Mtoto ambaye moyo wake umeelemewa anashika titi kwa pupa, anavuta mara chache, analiachia, anahema, anashika tena, anaachia tena, mpaka analala kwa uchovu kabla hajashiba, kisha baada ya muda mfupi anaamka akilia njaa. Mama ataeleza kwamba mtoto yuko titini kutwa nzima na bado haongezeki. Paji la uso linatoa jasho wakati wa kunyonya. Najua mtasema Kilwa ni joto na kila mtu anatoka jasho, na ni kweli. Ndiyo maana mtoto atazamwe kivulini, na nesi alinganishe: mama mkavu, mtoto paji limelowa, na kunyonya kwenyewe kumemchosha kama mtu anayepanda mlima. Hiyo ni dalili, joto liwe kali kiasi gani.

Kisha pumzi. Mtoto wa chini ya miezi 2 akivuta pumzi 60 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka mmoja kiwango ni 50. Hayo yamo kwenye mwongozo ambao kila mtumishi wa zahanati amefundishwa. Kinachokosekana mara nyingi ni ile dakika yenyewe. Pumzi za mtoto mchanga hazina mwendo sawa. Anavuta haraka, anatulia, anavuta tena, kwa hiyo anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne anaandika namba isiyo ya mtoto huyo. Ahesabu sekunde 60, mtoto akiwa ametulia, kabla ya sindano. Mtoto anayepumua haraka lakini hana homa, tena anayepumua hivyo kila akiletwa, anastahili kufikiriwa moyo kabla ya kupewa amoksilini kwa mara ya tatu. Mkono wa nesi upite chini ya mbavu za kulia kutafuta ini lililovimba, upite na kinenani kutafuta mapigo ya mshipa, kwa kuwa mapigo hafifu ya kinena yanaashiria mshipa mkuu uliobana. Rangi nayo isitafutwe kwenye ngozi. Ngozi yetu nyeusi inaficha ubuluu, na midomo ya watoto wengi ni myeusi tangu kuzaliwa. Nesi afungue kinywa, aangalie ulimi na ufizi kwenye mwanga wa mlangoni.

Uzito ndio ushahidi unaobaki kwenye karatasi. Mtoto hupungua kidogo siku za mwanzo, hurudia uzito wake wa kuzaliwa kufikia wiki ya 2, kisha huongezeka kwa gramu 20 hadi 30 au zaidi kila siku. Aliyezaliwa na kilo 3, akifika wiki ya 6 kwa kawaida anakaribia au kupita kilo 4. Yule ambaye amebaki kwenye 3.2 anauliza swali, na swali hilo linahitaji nesi atazame uzito wa kuzaliwa ulioandikwa juu ya kadi ileile. Kuweka nukta kwenye chati bila kuisoma mistari iliyotangulia hakumsaidii mtoto. Na baada ya uzito kuna hatua za makuzi. Mtoto wa wiki 6 hadi 8 anaanza kumtabasamia mama yake. Baada ya miezi 3 au 4 shingo imekaza. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofuata watoto wa Ghana, India, Norway, Marekani na Oman ulionyesha kwamba watoto wenye afya hukaa bila kushikwa popote kati ya karibu miezi 4 na zaidi kidogo ya 9, na hutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 17 hivi. Upana huo ni wa kawaida, na mama asitishwe kwa sababu mtoto wa jirani alisimama dede kabla ya wake. Lakini mtoto anayechelewa kukaza shingo, anayechelewa kukaa, anayeishiwa nguvu wenzake wanapokwenda tete, na wakati huohuo uzito hausogei, huyo haitoshi kuitwa mzito wa kuanza. Mwili unaotumia chakula chake kuendesha moyo uliochoka haubakizi cha misuli wala cha kucheza, na mtoto asiyecheza anachelewa kujifunza. Taifa letu lilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na halmashauri zote zinatakiwa kuitekeleza. Kutafuta moyo mgonjwa mapema ni sehemu halali ya utekelezaji huo.

Kuna kasoro nyingine ambazo haziwezi kungoja wiki ya 6. Kuna watoto ambao wanaishi kwa sababu tu ule mshipa wa njia ya mkato bado uko wazi. Ukiziba siku ya pili au ya tatu, wanazidiwa ghafla wakiwa nyumbani. Hao wanatafutwa kwa kipimo cha oksijeni kabla mama hajaruhusiwa. Kifaa hiki kina msingi wake katika wazo la mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, aliyegundua mwanzoni mwa miaka ya 1970 namna ya kutumia mwanga unaopita mwilini na mapigo ya damu ili kujua oksijeni bila kutoboa ngozi. Kwa mtoto mchanga kinafungwa mkono wa kulia na mguu mmoja, ikiwezekana baada ya saa 24 tangu kuzaliwa. Kikisoma chini ya asilimia 90, mtoto aonwe na daktari mara moja. Kikisoma 95 au zaidi na tofauti ya mkono na mguu haizidi 3, amepita. Katikati ya hapo, kipimo kirudiwe. Marekani iliweka upimaji huu kwenye orodha yake ya taifa ya vipimo vya watoto wachanga mwaka 2011. Naomba mzingatie kwamba kile kifaa cha kubana kidole cha mtu mzima hakifai kwa mtoto. Anahitaji kamba laini inayozungushwa kwenye unyayo, na unyayo uwe na joto, vinginevyo namba inayoonekana ni ya kubahatisha. Tena tafiti zimeonyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi kifaa kinaweza kusoma juu kuliko ukweli. Kwa hiyo kwetu namba ya mpakani isipokewe kwa furaha. Na lile tundu kubwa nililoeleza mwanzo mara nyingi halishushi oksijeni hata kidogo. Kifaa kikisema 98 na mtoto anahema titini, aaminiwe mtoto.

Sasa pingamizi. La kwanza, ambalo nalichukulia kwa uzito wote, ni kwamba watumishi hawatoshi. Zahanati ya kijijini huenda ina muuguzi mmoja anayezalisha, anayechanja, anayetoa dawa na anayejaza rejesta. Siku ya kliniki kuna foleni ya akina mama tangu saa mbili asubuhi. Nikisema dakika tano kwa kila mtoto, watoto 20 ni zaidi ya saa moja na nusu. Lakini hesabu hiyo ni kubwa kuliko hali halisi, maana uchunguzi kamili ni wa watoto wa wiki ya 6 tu, na hao huwa wachache katika siku moja. Kumtazama mtoto akinyonya kunaweza kufanyika kwenye benchi wakati wa kusubiri. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa na Serikali Januari 2024, wanaweza kufundishwa kuhesabu pumzi na kuuliza namna ya kunyonya, kisha kumpitisha mbele mtoto mwenye shaka. Zaidi ya hapo, mtoto asiyetambuliwa haondoki kwenye foleni. Anarudi kila mwezi na nimonia, analazwa, anamaliza dawa za kituo, na mwisho anafika usiku akiwa hoi. Muda haujaokolewa hapo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo ni hili: mtoto wa Kiswere akigundulika, upasuaji uko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300, na kumwambia mama habari asizoweza kuzifanyia kitu ni kumtesa. Miaka 20 iliyopita ningekosa la kujibu. Upasuaji wa moyo ulianza nchini mwaka 2008 pale Muhimbili, na kabla ya hapo tegemeo lilikuwa kupelekwa nje ya nchi, nafasi ambayo wachache waliipata. Tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, inayoziba matundu ya watoto, mengine kwa upasuaji wa kufungua kifua na mengine kwa kupitisha waya kwenye mshipa wa paja, na inayopeleka madaktari wake mikoani kwa tiba mkoba. Kikwazo kikubwa sasa ni kuchelewa. Tundu kubwa lisipozibwa, mapafu yanayofurika damu miezi na miezi yanaanza kuwa magumu, mishipa yake inakakamaa, na ikifika mahali fulani haiwezi kurudi. Mtoto akifikishwa katika umri wa miezi 6 mara nyingi anaweza kutibiwa na kukua kama wenzake. Akifikishwa miaka kadhaa baadaye, daktari anaweza kulazimika kumwambia mzazi kwamba kuziba tundu sasa kutamuua. Tundu ni lile lile, chumba cha upasuaji ni kile kile, na kilichobadilika ni tarehe ya rufaa.

Hata kabla ya Dar es Salaam, kujua kunabadilisha mengi. Kuna dawa ya bei nafuu ya kupunguza maji mwilini, furosemaidi, inayoanzishwa hospitalini na kumpa mtoto nafuu ya kunyonya. Mama anafundishwa kumnyonyesha kidogo kidogo mara nyingi, na kumkamulia maziwa kwa kikombe akichoka. Chanjo za nimonia na surua, ambazo kwa mtoto huyu ni muhimu kuliko kwa mwingine yeyote, hazirukwi. Mwenye kasoro ya aina ya Fallot, ambaye hubadilika ghafla kuwa wa buluu akilia, mama yake anaweza kufundishwa kwa dakika moja kumkunja magoti hadi kifuani na kumtuliza wakati msaada unatafutwa. Kitendo hicho kinasukuma damu zaidi kuelekea mapafuni. Mtoto mwenye tundu dogo, mama anaambiwa huenda likaziba lenyewe na arudi tarehe fulani, na hofu inamtoka. Na yule anayenyooshewa kidole kwamba amembemenda mwanawe anapata neno la kusema mbele ya mawifi: mtoto alizaliwa na tundu moyoni, limeonekana kwa kipimo. Mimi naona hilo peke yake lina thamani ya dakika tano.

Wapo watakaosema tutaleta taharuki, watoto wazima watapewa rufaa bila sababu. Wachache watapewa, sikatai. Ndiyo maana sipendekezi kwamba kila mvumo au kila jasho liende Dar es Salaam. Mtoto mwenye dalili moja hafifu aonwe tena baada ya wiki 1 palepale zahanati. Mwenye dalili mbili, au oksijeni ya chini, aende Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, akaangaliwe na daktari. Inawezekana kumfundisha daktari mmoja au wawili kuutazama moyo kwa mashine ya ultrasaundi, akitofautisha mzima na usio mzima bila kudai kujua kila jina, na picha zikatumwa kwa mtaalamu kwa simu. Rufaa ya kutoka zahanati hadi Kivinje iliyogundua mtoto mzima imegharimu siku moja. Nikiilinganisha na kasoro iliyoachwa, sioni shida kuchagua.

Njia yenyewe ya rufaa ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko vipimo. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama wenye namba 115 umeleta ukombozi kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanaopatwa na dharura. Mtoto wa wiki 6 anayedhoofu polepole hana dharura ya leo. Ana karatasi ya rufaa iliyokunjwa ndani ya kadi, na baba anayesubiri bamvua apate cha kuuza. Sera inasamehe gharama za matibabu kwa watoto wa chini ya miaka 5, lakini haisamehi nauli, wala chakula cha mama anayelala wodini, wala siku za kazi zilizopotea. Kiswere iko kusini mwa wilaya, upande wa kuelekea Lindi, na kwa vijiji kama hicho mngeweza kukubaliana na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine ipokee watoto hawa moja kwa moja, mama asizungushwe kaskazini kisha kusini kwa sababu ya mipaka ya kiutawala. Mei 2024, mvua za kipindi cha kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, tuliona sote jinsi kusini inavyoweza kubaki peke yake. Katika hali hiyo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara, ingekuwa kimbilio, na mpango wa rufaa za moyo uitaje kwa jina.

Kwa hiyo nawaomba mambo yafuatayo katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri wa mwaka ujao wa fedha. Kila kituo kinachozalisha kiwe na kipimo kimoja cha oksijeni chenye kamba ya mtoto mchanga na betri za akiba. Kitatumika pia kwa nimonia na kwa vichanga wanaoshindwa kupumua, kwa hiyo hakitakaa kabatini. Wauguzi wapewe mafunzo ya siku mbili kazini, yakifanyika mbele ya watoto na mama zao, na usimamizi shirikishi wa robo mwaka uangalie kama pumzi zinahesabiwa kwa dakika nzima. Pawepo daftari moja la wilaya la watoto wanaoshukiwa kasoro ya moyo, na mtu mmoja Kinyonga mwenye jina na simu, ambaye kazi yake ni kujua kila aliyeandikwa amefika wapi, na kuirudishia zahanati jibu. Jibu hilo lisipuuzwe. Muuguzi aliyemtuma mtoto na asiambiwe kamwe alikuwa na nini, hatakuwa na ari ya kumtuma wa pili. Ombeni tarehe ya tiba mkoba kutoka Taasisi ya Moyo mapema, mkiwa na daftari hilo mkononi, ili wataalamu wakija wakute watoto waliochujwa. Na tengeni fungu dogo la nauli kwa watoto hao 15, litolewe kupitia ustawi wa jamii.

Waheshimiwa Madiwani, ninyi mnakaa na wazazi hawa vijijini na mnajua wanasema nini mtoto anapodhoofu. Hayo mafunzo yasiishie kwa wauguzi. Watajieni makungwi, maimamu na viongozi wa vitongoji zile dalili tatu: kuhema akinyonya, jasho la paji kivulini, na uzito usiosogea. Nitashukuru kupata jibu lenu kabla kikao cha bajeti hakijafungwa, hata kama jibu lenyewe ni kwamba mtaanza na kituo kimoja.

Wenu katika kuwatakia heri watoto wa Kilwa.